Mshono Hula Kitambaa

Wamama wapenzi, juma hili ninataka kuwaeleza kosa nililofanya katika darasa letu la kushona. Kila siku shuleni ninawaambia watoto wasione haya kwa kukosa. Basi, na mimi nisione haya mbele yenu.

Wengi wenu mnajua darasa letu la Jumamosi. Tuna mashini mbili za miguu, na wasiopata nafasi wanashona kwa mkono. Tulianza kazi ya kuunga viraka kwa sababu moja tu: haitaki pesa nyingi. Mafundi wa soko walitupatia gunia moja la mabaki ya vitenge ambayo wangeyatupa. Tulikubaliana kutengeneza blanketi la mtoto kwa ajili ya mama mmoja aliyekimbia vita akiwa na mimba, asiye na kitu cha kumfunikia mtoto wake. Baridi ya usiku hapa Boga mnaijua wenyewe.

Wenzangu wakasema: “Mwalimu ndiye apange vipimo.” Nikafurahi. Niliandika ubaoni: blanketi liwe sentimita 80 kwa 100. Mistari 10, kila mstari vipande 8, jumla vipande 80, na kila kipande sentimita 10 kwa 10. Hesabu ilikuwa safi kabisa.

Nyuma alikuwa amekaa mama mmoja mzee ambaye hajawahi kukaa darasani kama mwanafunzi. Akaniambia kwa sauti ndogo: “Mwalimu, mushono unakulaka kitambaa.” Nilimjibu kwa heshima: “Ndiyo, mama, asante,” kisha nikaendelea kuandika. Maneno yangu yalikuwa na heshima, lakini masikio yangu hayakuwa nayo. Moyoni nilisema: huyu hajui kusoma namba, na mimi nina diploma ya ualimu.

Tulikata Jumamosi mbili mpaka gunia likabaki tupu, tena tukashona Jumamosi nyingine mbili. Siku ya kupima, blanketi lilikuwa sentimita 64 kwa 80. Hakuna aliyenicheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Yule mama mzee aliendelea kukunja uzi wake tu.

Angalieni hesabu ilivyonikataa. Ukiunga vipande viwili, mshono unachukua sentimita 1 kwa kila kipande. Kipande kina pande mbili upande wa kulia na wa kushoto, na pande mbili juu na chini. Kwa hiyo kipande cha 10 kinabaki 8 kila upande. Nane mara nane ni 64. Kumi mara nane ni 80. Ukitaka kionekane 10, ukate 12. Hesabu yenyewe ni ya watoto wa mwaka wa tatu. Niliyekosa kumsikiliza ni mtu aliyeijua kwa mikono.

Nilimwendea mbele ya wote nikamwomba radhi. Akaniuliza: “Mwanangu, kwani kitambaa kimekufa?” Alitoa kikwembe chake cha zamani, akachana vipande virefu vya upana wa sentimita 10, tukavizungushia pande zote nne. Blanketi likafika 80 kwa 96. Mtoto amezaliwa salama, na sasa analala chini yake.

Kwa vikundi vinavyotaka kujaribu, fuateni njia hii:

Kwanza, fueni vitambaa vyote kabla ya kukata. Kitenge kipya kinaweza kupungua na kutoa rangi, na kikipungua baadaye kitavuta vingine. Msichanganye kitambaa kizito na chepesi. Kile chepesi kitapasuka mapema.

Pili, kateni kipande cha katoni ngumu, sentimita 12 kwa 12, kiwe kipimo cha wote. Asiyejua namba atakizungushia chaki na kukata sawasawa na mwalimu. Msipime kila kipande kwa kile kilichokatwa kabla yake, maana kosa dogo litakua.

Tatu, shoneni mstari mmoja mmoja, pigeni pasi mishono, ndipo muunge mistari.

Nne, tandikeni kitambaa cha chini, juu yake blanketi kuukuu au shuka zito, na viraka juu kabisa. Shoneni kwa mkono kupitia tabaka zote tatu, mshono mmoja kila baada ya upana wa kiganja. Bila hiyo, kilicho katikati kitajikunja baada ya kufuliwa.

Kazi hii msiione kuwa ya umaskini. Kule Zanzibar na Mombasa inasimuliwa kwamba kanga ilianza hivi: katika miaka ya 1800, wanawake walinunua leso ambazo hazijatenganishwa, wakachukua vipande viwili vya leso tatu-tatu, wakaviunga vikawa vazi moja. Mpaka leo watu wa Mombasa huiita leso. Na kule India, katika jimbo la Karnataka, kuna Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengine upande wetu huu wa mashariki. Wanawake wao hushona blanketi za viraka ziitwazo kawandi, kwa mkono tu. Huanzia ukingoni na kuzunguka mpaka katikati, wakikunja ukingo wa kila kiraka na kukipandisha kidogo juu ya mwenzake. Mwishoni huweka kwenye pembe vipande vilivyokunjwa kama maua. Njia hiyo inafaa kikundi kisicho na mashini, na vipande vya kila ukubwa vinapata nafasi.

Sasa darasa letu limebadilika kidogo. Kila Jumamosi, kabla sijaandika ubaoni, ninauliza kwanza: “Nani amekwisha kushona kitu kama hiki?” Na yule mama mzee ameniomba jambo: anataka kujua kuandika vipimo vyake mwenyewe, ili wajukuu wavikute. Tulianza na 1, 2 na 12. Alipomaliza kuandika 12 juu ya katoni yake, aliitazama muda mrefu, kisha akaniambia niikate vizuri, nisije nikakosa tena.

Wamama wa vikundi, katika mkutano wenu ujao, kila mmoja alete mabaki ya kitambaa kimoja na jambo moja analolijua kwa mikono yake. Mtaona ni nani aliyekaa kimya nyuma kwa miaka mingi.

Tuonane juma lijalo.