Saruji Iliyoganda Si Mzigo wa Biharusi



Sisi tuliotoka visiwani tukaolewa Mwanza tunaijua hali hii. Nyumba mpya iko mlimani juu ya mawe, ziwa linaonekana dirishani, hina haijafifia miguuni. Ukipiga deki mara tatu, marumaru bado zina ukungu mweupe, na pembeni kuna mabonge ya saruji. Fundi keshaondoka na pesa zake. Wageni wanakuja kesho.

Hapo ndipo jirani husema, "Mtume binti wa kazi anunue asidi." Binti anamwaga, peku, bila glavu, madirisha yamefungwa. Anakohoa, machozi yanamtoka, na sisi tunamhimiza asugue kwa nguvu. Tunasema wazi: usafi wa namna hiyo una kasoro. Usafi tuliofundishwa hauwi kwa kumdhuru mtu, na yule binti ni amana mikononi mwetu.

Asidi huyeyusha saruji, kweli. Lakini hula pia ile saruji ya kwenye viungo vya marumaru, na ikigusa jiwe la marumaru halisi au terazo, mng'ao hupotea na haurudi kwa kusugua. Ikichanganyika na Jik hutoa gesi ya klorini, inayoumiza mapafu. Na tukiimwaga mferejini, huteremka na maji ya mlimani kuelekea ziwani, nasi ziwa hilo ndilo tunalokunywa.

Tuanze kwa upole. Lowesha bonge kwa kitambaa chenye maji, uliache lilainike, kisha libandue taratibu kwa ubao au plastiki ngumu. Kisu na steeli wulu huacha mikwaruzo. Ukungu mwepesi kwenye marumaru za kauri hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji: paka, subiri dakika chache, sugua kwa brashi laini, suuza kwa maji mengi. Jaribu kwanza pembeni, nyuma ya mlango. Jiwe halisi lisiguswe na siki hata kidogo. Vaa glavu, fungua madirisha. Ikishindikana, mwiteni fundi aje na vifaa vyake.

Na hapa ndipo penye neno letu kubwa. Saruji mbichi hufutwa kwa sponji yenye maji siku ile ile. Ikiganda ndipo huwa kazi ya wiki. Kwa hiyo kuifuta ni sehemu ya kazi ya fundi. Waume zetu waiweke katika makubaliano tangu mwanzo, na nyumba ikaguliwe mchana, kwenye mwanga, kabla ya malipo ya mwisho. Akimaliza vizuri, alipwe haki yake palepale, bila kuzungushwa. Huo ndio uadilifu wa pande zote mbili.

Wewe biharusi, usilie kwa ajili ya sakafu. Saruji si najisi; tandika mswala wako, uswali. Ila ikigandia kwenye ngozi au kucha, ibandue kabla ya udhu, maana huzuia maji yasifike.

Wageni wakiona madoa, wakaribishe chai. Madoa yatatoka wiki ijayo. Mapafu ya binti wa watu hatuna pa kuyanunua.