Palizi ya Julai ni Haki ya Jirani

Mwezi wa Mei ukifika, katika miji mingi ya kaskazini mwa Marekani na huko Kanada, watu wetu huingia katika bustani za jamii kwa kishindo. Baridi imeondoka, msimamizi amegawa vipande, na waliotoka Uvira, Bujumbura, Kigoma na Mombasa wanashindana kuinua matuta. Hakuna wa kuwafundisha kushika jembe. Lakini nenda ukatazame tena katikati ya Julai. Kipande kimoja kimesheheni mboga, kilicho pembeni yake kimekuwa pori, na mwenyewe haonekani.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya huyo asiyeonekana, na kwa ajili yetu sisi tunaompitia kimya kwa kuona haya.

Ukimuuliza atakwambia kwamba ada amelipa, na mboga zikifa hasara ni yake. Hoja hiyo haina miguu. Kipande cha bustani ya jamii si shamba la urithi. Ni amana iliyokatwa kwa kamba katikati ya amana za wengine, na magugu hayatambui kamba. Chukueni mchicha pori, ambao kila mkulima wa huku anaujua kwa shina lake jekundu karibu na mizizi. Mche mmoja ukiachwa ukomae unaweza kumwaga mbegu zaidi ya laki moja, nyeusi, ndogo kuliko chembe za ulezi, na nyingine hukaa ardhini miaka kadhaa zikingoja zamu yake. Mwenye kuuacha mche huo mwaka huu amempangia jirani yake kazi ya miaka, na hakumwomba ruhusa.

(Nidokeze hapa jambo la pembeni. Mchicha wetu, au lengalenga kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo, ni jamaa wa damu wa gugu hilo. Jirani wa Kimarekani mwenye nia njema, akikuta miche yako ingali michanga, anaweza kukung'olea tuta zima akidhani anakusaidia. Msimlaumu. Chomekeni kibao chenye jina la mboga siku ileile mnayosia.)

Magugu ni madogo. Kubwa ni ugonjwa wa bakajani chelewa, uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu takriban milioni moja. Haukumalizika na karne ile. Mwaka 2009 ulisambaa kaskazini mashariki mwa Marekani, sehemu yake kwa miche ya nyanya iliyouzwa madukani, na wakulima wengi wa bustani wakakosa nyanya za mwaka ule. Dalili zake zinaonekana na mwenye kufika tu. Asubuhi ya unyevu, baada ya siku mbili tatu za mvua na ubaridi, jani la nyanya huwa na baka la kahawia lililolowa kama limemwagiwa maji ya moto. Ligeuze: pembeni mwa baka, upande wa chini, kuna utando mweupe mwembamba kama vumbi la unga. Utando huo ndio mbegu za ugonjwa, nazo husafiri kwa upepo kilomita nyingi, sembuse hatua tatu hadi kwa jirani. Mwenye kipande aliyefika siku hiyo hung'oa mche mzima, akautia katika mfuko wa plastiki, akaufunga na kuupeleka kwenye taka, wala hautupi kwenye lundo la mboji. Kisha anawaambia wenzake kabla jua halijazama. Asiyefika amewaachia watu wote moto usio na moshi.

Ndiyo maana nasema kufika ni haki ya jirani kabla ya kuwa faida yako.

Na faida yako ipo, tena kubwa. Bustani ya majira ya joto hailingani na shamba la masika tulilolizoea, ambalo mtu hupanda, akapalilia, kisha akangoja mvua ikamilishe. Huku siku za Juni na Julai ni ndefu, jua hukawia hadi saa mbili na zaidi za usiku, na mboga hukua kama zinafukuzwa. Bamia ukiiacha siku nne tano imekuwa kamba. Maharage ya kijani yakikomaa kwenye mti, mti hujiona umeshazaa, ukaacha kutoa maua. Mchicha uliosiwa udongo ukiwa na moto hukatwa baada ya wiki nne hivi, nao huchipua tena. Ukichelewa utakuta maua na majani magumu. Kuna na yale maboga membamba ya kijani waitayo zukini: likisahauliwa wiki moja linakuwa kama paja la mtoto. Jirani akikupa moja, mshukuru. Akikupa la tatu, ujue amezidiwa.

Maji nayo yana hesabu. Mboga zinataka sentimita 2.5 hivi za maji kwa wiki, mvua ikiwamo. Kwa kipande cha mita 3 kwa 6, hizo ni lita 450, yaani ndoo 22 na nusu za lita 20 ikiwa mvua haikunyesha kabisa. Mtu hawezi kuzimwaga zote Jumamosi moja akajisifu. Nyanya inayokauka wiki nzima kisha ikafurikishwa huoza kitako, kwa sababu chokaa ya udongoni husafiri na maji, na maji yakikatika matunda hayaipati. Mwagia asubuhi, chini kwenye shina na si juu ya majani, kisha tandaza nyasi kavu kuzunguka mche. Matandazo hupunguza ndoo na magugu kwa pamoja. Asiyetandaza amejichagulia taabu.

Nao waliozianzisha bustani hizi hawakufanya mchezo. Detroit, baada ya mtikisiko wa uchumi wa 1893, meya Hazen Pingree aliwagawia wasio na kazi viwanja vilivyolala wazi walime viazi. Magazeti yalimkejeli, yeye akampeleka mnadani farasi wake mwenyewe ili kutunisha mfuko. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wamarekani walilima bustani zipatazo milioni 20, nyuani na viwanjani. Seattle walianza mpango wao mwaka 1973 katika shamba la familia ya Picardo. Ardhi ya mjini ilipatikana kwa kupiganiwa, na penye kipande kilichotelekezwa mara nyingi pana familia inayongoja kwenye orodha.

Najua jibu linalokuja: "Ndugu mwandishi, mimi nafanya kazi mbili, na moja ni ya usiku." Nakubali, na simwoni mtu huyo kuwa mvivu. Lakini tulikotoka nani alilima peke yake? Kuna ujima, kuna kupokezana zamu. Nyumba mbili zichukue kipande kimoja, huyu Jumatatu na Alhamisi, yule Jumamosi, na watoto waende na ndoo zao. Dakika ishirini mara tatu kwa wiki ni bora kuliko Jumapili nzima ya kukimbizana na magugu yaliyofika kiunoni. Na kama ni kipande kikubwa, omba nusu. Sioni aibu katika nusu iliyo safi.

Wale ambao mmeshaona kwamba mwaka huu mambo yamekataa, msingoje barua ya onyo. Nendeni kwa msimamizi wiki hii mrudishe kipande kwa mdomo wenu. Mwisho wa Julai haujawa kuchelewa: anayekipokea akipanda maharage mafupi ya kijani, yanayochumwa baada ya siku 50 hadi 60, sehemu nyingi atakula kabla ya baridi ya kwanza.