Ningu wasivuliwe wakienda kuzaa

Zimebaki wiki chache kabla ya masika. Mvua zitakaponyesha katika nyanda za juu za Mau na maji ya mto Mara kuanza kubadilika rangi, ningu watajikusanya mlangoni mwa mto huo na kuanza kupanda. Hawapatikani popote duniani isipokuwa katika bonde la Ziwa Victoria. Hukua ziwani, lakini hupanda mito kwenda kuzaa, wakitafuta mbuga na nyasi zilizofunikwa na mafuriko ili watage humo. Ndivyo wanavyofanya Mara, Kagera, Nzoia, Yala na Sondu-Miriu. Na katika milango hiyohiyo, mwaka baada ya mwaka, nyavu hutandazwa mapema kuwasubiri.

Anayedhani tunatia chumvi amtazame ningu mmoja aliyenaswa mlangoni msimu huo. Si samaki mkubwa wa kutisha kama sangara. Mdomo wake uko upande wa chini wa kichwa, umeumbwa kwa kukwangua utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe. Tumbo lake limejaa. Kisu kikipita, kinachotoka kwanza ni mayai, maelfu kwa maelfu, na yakishaondolewa nyama inayobaki haishibishi familia. Samaki huyo alikuwa na safari ya siku chache tu mbele yake kabla ya kuyataga.

Gazeti hili linaona kwamba uvuvi wa namna hiyo umevumiliwa kwa muda mrefu kupita kiasi, na kwamba masika haya yasipite bila hatua.

Nyavu za makila ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905. Kabla ya hapo, watu wa kando ya mito walivua ningu kwa migono na nyua za miti na matete walizozijenga kukatiza maji. Walivua wengi, tena kwa ustadi mkubwa, lakini mafuriko yalipozidi yaliifunika au kuisomba mitego hiyo, na samaki wakapita. Wavu wa makila haukuwa na huruma hiyo. Uliweza kutegwa pale hasa samaki wanapojikusanya kabla ya kupanda. Michael Graham alipolichunguza ziwa hili mwaka 1927 na 1928, alishauri nyavu zenye macho chini ya inchi 5 zisiruhusiwe. Ushauri huo ulifuatwa kwa miaka kadhaa, kisha sharti hilo likafutwa katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa kati ya mwaka 1956 na 1961. Mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr aliandika kuhusu mto Nzoia. Alichoeleza ni uvuvi wa ningu uliokwisha kuanguka, na pamoja nao ufundi wa kienyeji wa mitego uliokuwa ukififia.

Tunazikumbusha tarehe hizi kwa sababu iko kauli inayorudiwa kila mahali, kuanzia mialoni hadi kwenye kumbi za mikutano, kwamba samaki wa asili wa Ziwa Victoria waliliwa na sangara. Kwa furu, kauli hiyo ina ukweli mkubwa. Kwa ningu haisimami. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mapema miaka ya 1960, na hakulitawala ziwa hadi miaka ya 1980. Wakati huo ningu, waliokuwa samaki wakuu wa biashara katika mito hii, walikwisha kuporomoka. Walimalizwa na nyavu zilizotegwa kwa mikono ya watu, wakati wa kuzaa, mahali pa kupitia. Uamuzi ndio uliowafikisha hapo, na uamuzi unaweza kuwatoa.

Waliobaki ni wachache, katika vipande vya mito. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka kwenye daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Wanapofanikiwa kuzikwepa nyavu, mara nyingi hukuta mazalia yenyewe yamelimwa. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Katika mito mingi ya kanda hii shamba linaanzia palepale maji yanapoishia, na udongo wake huteremka na mvua ya kwanza.

Kuchelewa kuna gharama, na tunaomba wenye mamlaka waipime vizuri. Ningu si samaki wa kuishi nusu karne. Misimu michache mfululizo ya kuzuiwa kuzaa inatosha kufuta kizazi kizima cha mto mmoja, na mto ukishabaki bila kundi lake hakuna hakika kwamba ningu wa mto mwingine watakuja kuziba pengo. Wapo wanaojipa moyo kwamba wataalamu wa Uganda na Kenya wamekwisha kufaulu kuwazalisha kwenye mabwawa. Ni kazi ya kupongezwa sana. Lakini bwawa huhitaji wazazi kutoka mtoni, na vifaranga wake wakirudishwa mtoni watakutana na nyavu zilezile mlangoni.

Katika jimbo la Oregon, Marekani, liko funzo la uchungu. Ziwa la Upper Klamath lina aina mbili za samaki ambao wenyeji wa Klamath huwaita c'waam na koptu. Nao, kama ningu, huelekea mazalia yao mtoni, ila wao husubiri majira ya kuchipua, theluji inapoanza kuyeyuka. Walikuwa chakula kikuu cha wenyeji hao baada ya kipupwe kirefu. Mwaka 1986, walipoona samaki wanapungua, wenyeji waliufunga wenyewe uvuvi huo, na mwaka 1988 serikali ya Marekani ikawaingiza samaki hao katika ulinzi wa sheria. Hadi leo huvuliwa wawili tu kwa mwaka, kwa ajili ya ibada. Watu wa Klamath walitimiza wajibu wao, lakini maji ya ziwa yalikwisha kuharibika kiasi kwamba makinda hufa kabla ya kukua, na wanaotaga sasa ni samaki wazee. Bahati yao pekee ni kwamba samaki hao huishi miaka mingi, c'waam hata zaidi ya miaka 50, hivyo wazee bado wapo. Sisi hatuna akiba hiyo ya miaka.

Tunajua wavuvi watauliza watakula nini. Swali hilo ni halali, na halijibiwi kwa kuwachomea nyavu mbele ya watoto wao. Hatuombi ziwa lifungwe. Sato, sangara na dagaa wavuliwe ziwani kwa taratibu zilizopo. Tunachotaka kiachwe ni milango ya mito, na kwa wiki zile tu ambazo ningu wanapita. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, miezi mitatu, upande wake wote wa ziwa. Lilikuwa jambo zito kwa watu wa Kigoma, Katavi na Rukwa, nao walilibeba. Ombi letu ni dogo kuliko hilo.

Kwa hiyo Wizara ya Mifugo na Uvuvi itangaze marufuku ya kuvua kwenye milango ya mito inayopandwa na ningu wakati wa mvua, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ieleze umbali na muda wake. Muda huo ufuate mvua, kwa kuwa ningu hawana kalenda. Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, BMU, vipewe mashua na mafuta ya kulinda milango hiyo usiku, kwa sababu wavu huo hutegwa gizani. Halmashauri ziache kutoza ushuru wa samaki wenye mayai katika majira hayo. Ushuru huo ni muhuri wa serikali juu ya kosa.

Lakini nchi moja haitoshi. Mto Kagera unatoka Burundi na Rwanda, unapita Tanzania, kisha unaingia ziwani upande wa Uganda. Ningu anayeelekea kuzaa upande wa Tanzania hana budi kupita kwanza kwenye nyavu za Uganda. Mara nao unaanzia Kenya na kuishia Tanzania. Mti ukikatwa Mau, tope linafika Musoma. Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyoundwa mwaka 1994 na yenye makao yake Jinja, ndiyo meza ya Kenya, Uganda na Tanzania. Suala la ningu liwekwe kwenye meza hiyo sasa.

Na wewe mnunuzi unayeinama sokoni kuchagua ningu mwenye tumbo lililojaa, mwache. Mlanguzi hatapeleka sokoni asichouza.

Tangazo la serikali litoke kabla ya Machi. Likitoka Mei, ningu watakuwa wamekwisha kupita, au wamekwisha kuvuliwa.