TAARIFA YA TAWI KUHUSU KADI

Ndugu wanachama,

Juzi mama mmoja alifika ofisini kuulizia kadi yake. Tukamjibu kama kawaida: "Mchakato unaendelea." Akauliza, "Unaendeshwa na nani?" Tukabaki tunatazamana.

Fedha za kadi mlilipa tangu mwezi wa tatu. Hazijafika kata kwa sababu sisi, Kamati ya Tawi, hatukukaa kikao. Lakini ujumbe wetu uliopita ulisema "kumejitokeza changamoto", kana kwamba changamoto ilikuja kwa miguu yake. Tuliandika hivyo makusudi, asionekane wa kuulizwa. Tunaomba radhi.

Mwaka 1972 TANU ilipotoa "Siasa ni Kilimo" kule Iringa, kauli ilikuwa fupi, ila nyuma yake palikuwa na maelekezo ya mbegu, mbolea na palizi. Sisi tumebaki na kauli.

Jumatatu Katibu na Mweka Hazina watapeleka fedha zote kata. Picha ya risiti itawekwa humu siku hiyo hiyo. Isipoonekana, wapigieni hao wawili. Na lile neno "wadau" tumeliacha. Ninyi ni wanachama.

Kamati ya Tawi