Mapenzi Si Tiba ya Kiwewe

Upo uongo mtamu ambao filamu zimetulisha kwa muda mrefu, nasi tumeumeza bila kuutafuna: kwamba aliyejeruhiwa nafsi huponywa na mpenzi. Mwanamume mkali, mlevi, asiyesema na mtu, atampata binti mwema, binti atavumilia, machozi yatadondoka, muziki utapanda, na yote yatakwisha. Laiti uongo huo ungekomea kwenye skrini! Huku kwetu ndio unaowafanya watu wazima, wenye akili zao timamu, waseme kuhusu kijana aliyevurugikiwa: "Mwozesheni, atatulia." Hakuna anayemuuliza binti iwapo amesomea unasihi.

Wanaoutetea msimamo huo hupenda kunitajia Good Will Hunting (1997). Nawasihi waitazame upya. Will, kijana wa Boston mwenye kipaji adimu cha hisabati, aliteswa utotoni na baba mlezi. Skylar, mpenzi wake, anapomwomba waandamane hadi California, kijana hafarijiki. Anahamaki, anamwambia hampendi, anaondoka. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyefunzwa na kipigo kwamba anayekukaribia ndiye atakayekuumiza. Mapenzi kwake ni tishio kabla hayajawa faraja.

Kinachomfungua Will ni vikao vyake na Sean Maguire, mnasihi aliyeigizwa na Robin Williams, tena vikao ambavyo mahakama ilivifanya sharti la yeye kutofungwa jela. Kimojawapo kinapita chote bila neno. Watazamaji hukumbuka kumbatio na kilio, wakaisahau saa ile ya ukimya, kama mtu asifuye mavuno na kuidharau palizi. Ni baada ya vikao hivyo ndipo Will anapomfuata Skylar. Mapenzi yalikuja baada ya kazi kufanyika. Hayakuifanya kazi hiyo.

Hata hivyo, filamu hiyo nayo ina uchu wa kutufurahisha. Iliyo kweli zaidi, kwa maoni yangu, ni Manchester by the Sea (2016) ya Kenneth Lonergan. Lee Chandler alisahau usiku mmoja kuweka kizuizi mbele ya meko. Nyumba ikateketea, na wanawe 3 wakafa. Miaka kadhaa baadaye, mtalaka wake Randi anakutana naye njiani, anamwomba radhi kwa maneno makali aliyowahi kumtamkia, na kumwambia kwamba anampenda. Filamu nyingine ingeishia hapo, wakiwa wamekumbatiana. Lee hana uwezo hata wa kusikiliza. Anajitenga na kwenda zake. Mwishowe anamwambia Patrick, mwana wa marehemu kaka yake aliyeachiwa amlee, kwamba kuishi katika mji ule kumemshinda.

Wapo wanaoiita filamu hiyo ya kukatisha tamaa. Nakataa. Lee anapanga kutafuta makao Boston yenye chumba cha ziada, ili Patrick apate pa kulala akimtembelea. Hakuahidiwa kupona, lakini anamfikiria mgeni. Sijaona katika sinema tumaini lililo aminifu kuliko hilo.

Tena kuna tukio ambalo Mkenya hawezi kulitazama bila kutahayari. Baada ya moto ule, polisi wanamruhusu Lee aende, kwa kuwa kusahau si jinai. Papo hapo anajaribu kujitoa uhai. Wanamzuia, na hadithi haimpeleki kizimbani. Kwetu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu kama huyo kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka 2. Ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miongo mingi, basi, dola ilimwona aliyelemewa na maumivu ikamtafutia pingu, nasi jamaa zake tukamtafutia mke.

Najua nitaambiwa kwamba wanasihi ni wachache na ada zao ni ghali. Ni kweli, na hilo ni deni la serikali, ambalo sharti tuidai kwa sauti. Lakini uhaba wa tabibu haumgeuzi mchumba kuwa tabibu. Mzazi anayesisitiza kijana wake aoe ili atulie na anijibu hili: siku binti huyo atakaporushiwa sahani, atalala chumba gani?