FUNDI AJUE DAFTARI, MENEJA AJUE CHUMA

Ndugu wafanya kazi,

Nimeomba nafasi katika karatasi hii yetu kwa sababu katika mkutano wa tawi uliopita tulikaribia kushikana mashati, na jambo lenyewe halikwisha. Jambo ni hili. Vijana wetu wawili, mafita wenye diploma, waliomba Chama kiwatetee wapate ruhusa ya kwenda Chuo Kikuu kusoma uinjinia wa mitambo, na umeneja pamoja nao. Ndugu mmoja akasimama akasema, "Tukiwapeleka hawa tunajinunulia fimbo. Watarudi na tai shingoni watuchape." Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nataka kuwaeleza sababu.

Kwanza mjue ya kuwa sijitetei mwenyewe. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, karo ya sekondari ikakosekana, nikashika spana. Mtihani wa ufundi nimepita daraja la tatu na la pili. Chuo Kikuu chataka mtu aliyepata angalau C plus katika mtihani wa kidato cha nne, na mimi kidato sikukiona kabisa. Mlango huo kwangu umefungwa. Nasema kwa ajili ya wale ambao kwao haujafungwa bado.

Sasa tuulize, elimu hii ni kitu gani? Wengine wadhani ni kujifunza kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Sivyo. Upande mmoja ni elimu ya mashini: nguvu zinavyosukuma na kuvuta, chuma kinavyopinda na kukatika, joto linavyogeuzwa kuwa kazi ndani ya injini, maji na mafuta yanavyopita katika mabomba, na michoro. Upande wa pili ni elimu ya kuendesha kazi: gharama, stoo, mpango wa matengenezo, ubora, sheria za kazi, na namna ya kukaa na watu. Huko Scotland, Chuo Kikuu cha Edinburgh hufundisha pande hizi mbili katika digrii moja. Hapa kwetu digrii ya uinjinia ni miaka mitano, na mtu aweza kuongeza umeneja juu yake. Kwa nini zifundishwe pamoja? Nitawapa kisa kilichonipata.

Katika karakana moja, ambayo sitaitaja, alikuja meneja kijana. Alikuwa na karatasi nzuri za biashara, lakini grisi hajaigusa maishani mwake. Akatazama hesabu, akaona fedha za grisi na masaa ya kukagua magurudumu ya mabehewa ni nyingi. Akaamuru ukaguzi ufanywe mara chache zaidi. Fundi wetu mkubwa, mzee aliyejua beringi kwa kuisikiliza tu na kuweka kiganja juu yake, akaitwa mkutanoni. Akasema, "Bwana, beringi zitaungua." Meneja akamwuliza, ngapi? Lini? Kwa hasara ya shilingi ngapi? Mzee hakuwa na jibu. Alijua kweli kabisa, lakini hakuwa na daftari la kuionyesha kweli yake. Akatoka nje amefedheheka, na amri ikapita.

Ninyi mnaojua chuma mmekwisha kujua mwisho wake. Beringi isiyo na grisi husuguana, msuguano huleta joto, joto huyeyusha hata ile grisi kidogo iliyobaki, na moto huzidi mpaka ncha ya ekseli yenyewe yaweza kukatika. Behewa liliwaka moshi njiani, likafunguliwa katika stesheni ndogo, treni ikasimama, njia ikazibwa, injini nyingine ikatumwa kusaidia. Kile kilichookolewa kwa grisi kilipotea mara nyingi kwa siku moja. Na barua ya onyo ilikwenda kwa nani? Kwa meneja? La. Ilikwenda kwa fita ambaye jina lake lilikuwa la mwisho kwenye kitabu cha ukaguzi. Fita huyo ni mimi.

Nimeiwaza barua ile siku nyingi. Meneja alikuwa na daftari bila chuma, mzee wetu alikuwa na chuma bila daftari, na katikati yao nikaangukiwa mimi. Kama katika chumba kile angalikuwamo mtu mmoja mwenye elimu zote mbili, angaliandika karatasi moja yenye safu mbili: huku bei ya grisi na masaa ya watu, huku bei ya beringi, ekseli, injini ya msaada na mzigo uliochelewa. Hata meneja yule angaliielewa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba na fundi bila daftari huonewa bila habari.

Sasa namjibu ndugu yangu wa fimbo. Asema umeneja ni elimu ya mabwana. Ndugu, elimu hiyo ilitoka karakana, yaani kwetu. Mwaka 1886 Henry Towne, mtengenezaji wa makufuli, aliwaambia mainjinia wa mashini wa Marekani ya kuwa kuendesha kiwanda ni kazi ya injinia kama vile kuchora mashini, na kwamba gharama na mishahara ni mambo ya kuchunguzwa kwa elimu. Baada yake akaja Frederick Taylor. Huyu aliingia kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, mwaka 1878, akafanya kazi kwenye mashini ya kukereza, akawa nyapara, na mwaka 1883 akapata digrii ya uinjinia wa mitambo huku akiendelea na kazi. Ndiye aliyeleta saa ya kupimia kila mkono wa mfanya kazi unavyokwenda.

Katika kitabu chake cha mwaka 1911 Taylor aliandika habari za mpakizi wa chuma aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku kwa dola 1 na senti 15. Akafundishwa namna mpya, akapakia tani 47 na nusu kwa dola 1 na senti 85. Haya, chukueni kalamu mpige hesabu. Kazi imezidi karibu mara nne. Mshahara umezidi kama senti 60 tu katika kila dola. Zilizobaki zilikwenda wapi? Mtu asiyejua hesabu ya umeneja atashukuru kwa nyongeza. Anayeijua atauliza swali hilo. Mwaka huo huo wa 1911, mafundi wa kusubu chuma katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Marekani, waliwekewa saa ile, wakaweka vyombo chini, wakatoka. Malalamiko yakafika mpaka Bunge lao, na mwaka 1915 Bunge likakataza fedha za jeshi kutumiwa kwa kazi ya saa hizo. Walishinda kwa sababu waliielewa saa ile ilikuwa inapima nini.

Ndugu yangu atasema, "Si umeona? Taylor mwenyewe alitoka kwenye mashini, na bado akawa fimbo." Neno hilo lina uzito, wala silikwepi. Lakini Taylor alikuwa mtoto wa nyumba ya matajiri aliyeshuka kwenye mashini kwa hiari yake. Hakutumwa na wafanya kazi, wala hakuwa na mkutano wa kurudi kutoa habari. Mtu asiyetumwa na mtu harudi kwa mtu. Mtazameni Tom Mboya. Mwaka 1955 alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanya kazi katika Kenya, akaenda kusoma Ruskin College, Oxford, na mwaka 1956 akarudi kwenye vyama vile vile, akiwa na ulimi mkali zaidi mbele ya waajiri. Kwa hiyo tuulize vijana wetu wanakwenda kwa mkono wa nani. Wakienda kwa mkono wa bwana watarudi kwa bwana, na sisi ndio tutakaokuwa tumewafukuza kwa makofi yetu.

Tena yako mambo ambayo Chama hakiwezi kuyafanya kwa midomo mitupu. Mwaka 1976 wawakilishi wa wafanya kazi wa kampuni ya Lucas Aerospace huko Uingereza waliona kazi zinapunguzwa. Badala ya kulia tu, mafundi na mainjinia walikaa pamoja wakaandika mpango wao wenyewe, vitu kama 150 ambavyo mashini zao na mikono yao ingeweza kutengeneza. Vilikuwamo vyombo vya kusaidia wagonjwa wa figo, na hata basi linaloweza kwenda barabarani na relini pia. Kampuni ilikataa mpango huo, kwa kuwa ufunguo wa kabati la fedha ulikuwa mkononi mwake. Lakini hakuna aliyeweza kusema tena kwamba wafanya kazi wale hawana la kusema illa mishahara.

Na sisi wa reli je? Mwaka 2006 reli ya zamani ya Kenya na Uganda ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Haikufika nusu ya miaka hiyo. Mwaka 2017 mkataba ulikuwa umevunjwa. Sitasema hapa nani alikosa. Nauliza tu, ni wangapi kati yetu walioweza kuusoma mkataba ule, wakapima ahadi za injini na mabehewa, wakasema mapema hili litawezekana na hili haliwezekani? Mikate yetu ilikuwa ndani ya karatasi ile, na sisi tulikuwa tukiitazama kwa nje tu kama mbuzi anavyotazama gazeti.

Wako wanaosema Chuo Kikuu si mahali pa watu wenye mafuta mikononi. Hao hawajui historia ya Nairobi. Kile tunachokiita leo Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College, yaani chuo cha ufundi. Jina la Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata mwaka 1970. Basi fundi akiingia pale haingii nyumba ya wageni.

Na fedha? Kwa Sheria ya Mafunzo ya Viwandani kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, na mwajiri aliyewafunza watu wake aweza kuomba arudishiwe gharama. Jina lako, ndugu, linahesabiwa katika shilingi hizo, hata kama wewe ni mfagiaji. Je, umewahi kuuliza ni nani aliyefunzwa kwa jina lako? Tena iko sheria ya mwaka 2014 juu ya mfumo wa taifa wa vyeti na sifa za elimu, na nia yake moja ni kwamba ujuzi wa mtu upimwe na kutambuliwa hata kama aliupata kazini. Sheria zipo. Zinangoja Chama kizibebe mezani.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa tawi nitasimama niombe tupige kura kwa mambo manne.

La kwanza, Chama kidai vijana hawa wawili wapewe ruhusa ya masomo kwa maandishi, na kazi zao ziwangoje.

La pili, mwajiri atuonyeshe ni mafunzo gani aliyoyaombea fedha katika hizo shilingi 50, na ni watu gani walioyapata. Wakiwa ni wa ofisini peke yao, tujue.

La tatu, vijana wenyewe waweke sahihi mbele yetu ya kuwa kila likizo watakuja kutufundisha Jumamosi: kusoma hesabu za gharama, kuandika mpango wa matengenezo, kujua maana ya mkataba. Hivyo digrii mbili zitakuwa za tawi zima, na hata mimi wa darasa la nane nitapata fungu langu.

La nne, tudai ya kuwa meneja ye yote anayeletwa kusimamia mashini akae kwanza karakana miezi sita, avae ovaroli, ashike grisi, aamriwe na fundi. Akiona ni aibu, basi hafai kutuamuru.

Ndugu yangu wa fimbo, sikuchukii. Uliyoyaona ndiyo niliyoyaona, na barua ya onyo ninayo hata leo katika sanduku. Lakini fimbo ipo tayari, nayo imo mkononi mwa watu wasiojua beringi ni nini. Kukataa kuwasomesha watoto wetu hakutaivunja. Njooni mkutanoni, kila mtu na mwenzake, wala asibaki mtu nyumbani akasema hayo ni ya wasomi.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
FITA WA KARAKANA