Mpeni zamu yule anayechekwa

Mwandishi uliyeandika kuhusu uonevu shuleni, nakuunga mkono, ila hapa kwetu Tunduma uonevu huo mara nyingi huanzia kwenye lafudhi. Mtoto aliyelelewa na bibi yake Nakonde, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, akisoma kwa sauti darasani wenzake humwita "Mzambia" mpaka anaacha kunyoosha mkono. Wakati Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili, jamani! Vitisho vya mwalimu mstarini havisaidii sana. Mwonevu anakwenda kumvizia mwenzake njiani.

Mimi ningeweka kipindi Ijumaa mchana, kila mtoto kwa zamu alifundishe darasa zima wimbo au mchezo wa kwao: Mnyiha wa Mbozi, Mndali wa Ileje, na huyo wa Nakonde na Kibemba chake. Anayefundisha si rahisi kumcheka, maana wanaojikwaa kutamka ni wengine. Mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA nayapenda, lakini yanachuja. Mwenye kigugumizi je, atapata nafasi wapi? Mwenye ualbino, ambaye jua la saa saba linamuunguza ngozi? Na walimu wakuu, tafadhali, kipindi hicho kisije kikageuzwa cha kufyeka majani.